Safari ya Usiku: Wajawazito, Kafyu na Huduma za Uzazi Nchini Kenya Wakati wa Janga la Korona, 2020–2021

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Machi 2020, siku kumi na mbili baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza amri ya kutotoka nje usiku. Amri hiyo, ambayo wananchi waliizoea upesi kwa jina la kafyu, ilianza kutekelezwa tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi katika kila saa ishirini na nne ziliondolewa katika matumizi halali ya barabara. Kwa mfanyabiashara, saa hizo zilimaanisha kufunga duka mapema. Kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa zilikuwa na maana nyingine kabisa, kwa kuwa uchungu wa kuzaa haupangiwi saa. Aidha, wataalamu wa ukunga wanafahamu kwamba uchungu unaoanza wenyewe, bila kuchochewa kwa dawa, huelekea kuanza usiku zaidi kuliko mchana.

Makala hii inachunguza hali ya wajawazito nchini Kenya tangu Machi 2020 hadi tarehe 20 Oktoba 2021, siku kafyu ilipoondolewa kote nchini. Hoja kuu ni kwamba tatizo kubwa la uzazi katika kipindi hicho lilikuwa katika masafa yaliyopo kati ya mlango wa nyumba na lango la hospitali. Vituo vya afya havikufungwa kwa amri yoyote, na sera ilisisitiza kwamba huduma ziendelee. Hata hivyo, safari ya kuvifikia iliwekwa chini ya hiari ya askari wa barabarani, na mzigo wa kuthibitisha dharura ukamwangukia mwanamke mwenyewe. Makala inadai vilevile kwamba safari hiyo haionekani katika takwimu za taifa. Kwa sababu hiyo, mwanahistoria anayetegemea takwimu hizo pekee atafikia hitimisho la kwamba mambo yalikwenda sawa.

2.0 Usuli: Sheria ya Zamani na Sera Mpya

Kafyu ya mwaka 2020 ilikuwa na historia ndefu kuliko ugonjwa wenyewe. Ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo asili yake ni utawala wa kikoloni wa Waingereza. Katika miaka ya Hali ya Hatari, yaani 1952 hadi 1960, amri za kutotoka nje zilikuwa chombo cha kila siku cha kuwadhibiti Waafrika wa Nairobi na wa vijiji vya Kenya ya Kati. Mantiki ya sheria ya aina hii ni ya kiusalama: mtu anayeonekana nje baada ya saa iliyowekwa ni mshukiwa mpaka atoe kibali. Mantiki hiyo ilipohamishiwa katika uwanja wa afya ya umma, haikubadilishwa umbo.

Kwa upande mwingine, sera ya uzazi ilikuwa imepiga hatua za wazi katika muongo uliotangulia. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza huduma za kujifungua bila malipo katika vituo vya umma, na baadaye mpango huo ukapanuliwa kwa jina la Linda Mama. Utafiti wa Demografia na Afya Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, ikilinganishwa na asilimia 43 katika utafiti wa 2008–09. Pamoja na mafanikio hayo, utafiti huohuo wa 2014 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 362 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

Mafanikio haya yalijengwa juu ya wito mmoja uliorudiwa kwa miaka mingi: mama aache kuzalia nyumbani, aende hospitali. Wakunga wa jadi waliombwa waache kuzalisha na badala yake wawe wasindikizaji wa wajawazito hadi kituoni. Kwa hiyo, mwaka 2020 ulipofika, kizazi kizima cha wanawake kilikuwa kimefundishwa kwamba usalama uko hospitalini. Kafyu iliwakuta wakiwa wameupokea wito huo, kisha ikaifunga njia ya kuutekeleza usiku.

3.0 Orodha ya Walioruhusiwa

Namna amri ilivyoandikwa inastahili kusomwa kwa makini. Walioruhusiwa kutembea usiku waliorodheshwa kwa kazi zao: wahudumu wa afya, walinda usalama, wafanyakazi wa vyombo vya habari, wasafirishaji wa vyakula na wengineo wa huduma muhimu. Ilikuwa orodha ya watoa huduma. Daktari, muuguzi na mkunga walikuwa na vitambulisho vya kazi vya kuonyesha katika kizuizi cha polisi. Mpokeaji wa huduma hakuwa na kitambulisho cha namna hiyo. Ujauzito ungeweza kuonekana kwa macho, lakini uchungu ulihitaji kuaminiwa, na aliyepaswa kuamini alikuwa askari mwenye tochi, wala si mkunga.

Kwa dereva wa teksi au mwendesha bodaboda, hali ilikuwa ngumu zaidi. Hata kama askari angemruhusu mjamzito apite, dereva alipaswa kurejea peke yake baada ya kumfikisha abiria, akiwa hana tena mtu wa kumshuhudia. Hofu ya safari ya kurudi ilitosha kumfanya akatae safari ya kwenda. Jambo hili dogo la kiutendaji lina uzito mkubwa katika kueleza kwa nini magari yalikosekana hata pale ambapo ruhusa, kwa nadharia, ilikuwepo.

Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Siku ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, polisi walitumia vitoa machozi na virungu dhidi ya umati wa watu waliokuwa wakingoja kuvuka katika kivuko cha Likoni, Mombasa, kabla hata ya saa ya kafyu kuwadia. Picha za tukio hilo zilienea nchini kote. Mnamo Aprili, baadhi ya watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini kwa lazima, na kwa wiki kadhaa waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ya kafyu ilikuwa halali kisheria, lakini ikatamka kwamba nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi zilikiuka katiba. Uamuzi huo ulikuwa muhimu kwa sheria. Kwa mwanamke wa Mathare au Likoni aliyepaswa kuamua saa nane za usiku kama atoke au angoje, kilichobaki akilini ni virungu.

4.0 Kati ya Nyumba na Hospitali

Mwaka 1994, Thaddeus na Maine walieleza vifo vya uzazi kwa kutumia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kielelezo hicho huchukuliwa aghalabu kama ngazi yenye vidato vitatu vinavyofuatana. Hali ya Kenya mwaka 2020 inaonyesha kwamba vidato hivyo hushikana. Uamuzi wa kutoka ulitegemea makadirio ya hatari za barabarani, na makadirio hayo yalitegemea mambo yaliyosikika kuhusu hospitali: kwamba wagonjwa wa Korona wamelazwa humo, kwamba ndugu hawaruhusiwi kuingia, kwamba anayepatikana na virusi hutengwa. Kila ucheleweshaji ulilishwa na mwingine.

Usafiri wa mchana nao ulibadilika. Kuanzia Machi 2020 matatu ya abiria kumi na wanne iliruhusiwa kubeba abiria wanane tu, na bodaboda abiria mmoja. Wamiliki walifidia pengo hilo kwa kupandisha nauli. Kwa kaya ambazo kipato chake kilitegemea kibarua cha siku, ambacho nacho kilipungua, kila hudhurio la kliniki liligeuka kuwa hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza tangu 2016 kwamba mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane. Mama aliyelazimika kuchagua kati ya nauli na unga angeweza kulipunguza hudhurio moja au mawili bila ya mtu yeyote kumkataza.

Tarehe 6 Aprili 2020 safari za kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi zilipigwa marufuku, na siku mbili baadaye marufuku hiyo ikafika Mombasa, Kilifi na Kwale. Athari yake kwa uzazi haikuwa ya kitabibu pekee. Katika jamii nyingi za Kenya, mwanamke anayekaribia kujifungua hupokea mama yake, shangazi au mama mkwe kutoka nyumbani, au husafiri yeye kwenda kwao. Mgeni huyo ndiye anayepika uji, anayekanda mgongo, anayelea watoto wakubwa na anayetambua dalili za hatari. Katika jamii za Waswahili wa pwani, siku arobaini baada ya kujifungua zina utaratibu wake kamili wa malezi ya mzazi. Marufuku ya safari ilikata mkono huo wa msaada hasa kwa wanawake waliokuwa wamehamia mjini bila ya ukoo karibu.

Mombasa inatoa mfano wa jinsi jiografia ilivyozidisha uzito wa amri. Mkazi wa Likoni aliyehitaji upasuaji katika hospitali kuu ya umma kisiwani alitegemea feri. Usiku, kivuko ni mahali pa wazi palipolindwa, na hapakuwa na uchochoro wa kupitia. Mwezi Mei 2020 mtaa wa Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh jijini Nairobi, uliwekewa vizuizi vya kuingia na kutoka hadi mapema Juni. Katika mitaa hiyo miwili, hata safari ya mchana ikachukua sura ya safari ya usiku.

5.0 Ndani ya Wadi

Mwezi Aprili 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuendeleza huduma za afya ya uzazi na watoto wachanga katika kipindi cha janga. Hiyo ilikuwa hatua ya mapema yenye busara, na inaonyesha kwamba wapangaji wa sera hawakuwasahau wajawazito. Mafunzo ya Ebola katika Afrika Magharibi yalikuwa yangali mapya. Nchini Sierra Leone, watafiti walikadiria kwamba kupungua kwa matumizi ya huduma za uzazi katika mwaka mmoja wa mlipuko wa 2014–15 kulihusishwa na takriban vifo 3,600 vya ziada vya akina mama, watoto wachanga na watoto waliozaliwa wafu. Ugonjwa unaweza kuua mahali ambapo virusi vyake havijafika.

Hata hivyo, wadi za uzazi zilibadilika. Vituo vingi vilizuia au vilipunguza wageni, na mara nyingi msindikizaji wa mjamzito aliachwa langoni. Mwanamke akabaki na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, uso wake ukiwa umefunikwa kwa barakoa. Wauguzi wenyewe walifanya kazi kwa hofu, kwa kuwa vifaa vya kujikinga vilikuwa haba na mkunga hana namna ya kumzalisha mtu kwa umbali wa mita moja na nusu. Mnamo Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na marupurupu ya kazi katika mazingira hatari. Madaktari nao waliingia katika mgomo mwezi huohuo. Katika baadhi ya kaunti, milango iliyobaki wazi miezi yote ya kafyu ikafungwa kwa wiki kadhaa, wakati ambapo kafyu ilikuwa imekwisha kulegezwa hadi saa nne za usiku. Njia ilikuwa imeanza kufunguka, na sasa mwisho wake hapakuwa na mtu.

Tukio hili linaonya dhidi ya kuwagawa wahusika katika makundi mawili ya wanaonyanyasa na wanaonyanyaswa. Mkunga aliyegoma na mjamzito aliyegeuzwa langoni walikuwa wakidai kitu kimoja kutoka kwa dola: kwamba kuzaa kuhesabiwe kuwa kazi inayohitaji ulinzi.

6.0 Majibu ya Watu

Katika wiki za kwanza za kafyu, Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea utaalamu wa uzazi na magonjwa ya wanawake jijini Nairobi, aligundua jambo lililomtia wasiwasi: usiku wadi ya uzazi ilikuwa imepungua wagonjwa, huku wanaofika wakiwa wamekwisha kupata matatizo makubwa. Tafsiri yake ya hali hiyo ilikuwa ya moja kwa moja. Wanawake hawakuwa wameacha kuzaa. Walikuwa wamekosa gari. Mnamo Aprili 2020 mpango uitwao Wheels for Life ulianzishwa kwa ushirikiano wa madaktari, Wizara ya Afya, Amref, kampuni za teksi na watoa huduma za ambulensi. Mjamzito alipiga simu ya bure kwa nambari 1195, daktari akasikiliza maelezo yake, kisha akatumiwa teksi iliyoruhusiwa kupita usiku au ambulensi kulingana na hali yake.

Umuhimu wa kihistoria wa mpango huu uko katika kitu ulichokihamisha. Kabla yake, aliyepima ukweli wa uchungu alikuwa askari kizuizini. Baada yake, aliyepima alikuwa daktari kwenye simu. Ruhusa ilitolewa kabla ya safari kuanza, na dereva akapata kinga ya kwenda na kurudi. Mpango haukujenga wadi mpya wala haukubadilisha sheria. Uliziba pengo la masafa, na kwa kufanya hivyo ulithibitisha mahali pengo lilipokuwa.

Wanawake wengine walitafuta njia iliyokuwa karibu zaidi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakunga wa jadi walipata wateja ambao miaka michache kabla wangekwenda hospitali. Si sahihi kuliona jambo hili kama kurudi nyuma kwa mila. Mkunga wa jadi alikuwa na sifa moja ambayo hospitali haikuwa nayo saa nane za usiku, nayo ni kwamba alifikika kwa miguu bila kutoka kwenye barabara kuu. Hakuwa, hata hivyo, na damu ya kuongeza, dawa ya kifafa cha mimba wala chumba cha upasuaji. Uamuzi wa kumwendea ulikuwa wa kimantiki na wa hatari kwa wakati mmoja.

Mipaka ya majibu haya inaonekana vizuri zaidi yanapolinganishwa na ya majirani. Uganda, iliyopiga marufuku magari ya binafsi mwishoni mwa Machi 2020, iliwataka wagonjwa wapate kibali cha Mkuu wa Wilaya. Baada ya malalamiko mengi, Rais Yoweri Museveni alitangaza mwezi Aprili kwamba wajawazito hawatahitaji kibali hicho. Tanzania haikuweka kafyu, hivyo suala la safari ya usiku halikujitokeza kwa sura ileile. Tofauti hizi zinadhihirisha kwamba ugumu wa safari haukutokana na virusi vyenyewe. Ulitokana na namna kila dola ilivyochagua kuvikabili.

7.0 Takwimu na Yasiyohesabiwa

Hapa ndipo mtafiti anakutana na ugumu wa kweli. Ulinganisho wa takwimu za taifa za miezi ya Machi hadi Juni 2020 na za kipindi hichohicho mwaka 2019 haukuonyesha anguko kubwa la idadi ya wanaojifungulia vituoni. Ushahidi huu hauwezi kupuuzwa, na yeyote anayedai kwamba huduma za uzazi zilisambaratika nchini kote atakuwa amevuka mpaka wa ushahidi wake. Je, simulizi za wadi zilizopungua watu usiku na za wakunga waliofurika wateja zilikuwa chumvi tu?

Jibu la makala hii ni kwamba vyanzo hivyo viwili vinapima vitu tofauti. Takwimu za vituo huhesabu kufika. Mwanamke aliyeondoka nyumbani saa mbili usiku na kufika baada ya nusu saa, na yule aliyengoja hadi saa kumi na moja alfajiri akafika akiwa amechoka na mtoto amekwisha kukosa hewa, wote wawili huandikwa kama mama mmoja aliyejifungulia kituoni. Wastani wa taifa nao huchanganya kaunti za mashambani, ambako hapakuwa na vizuizi vingi vya barabarani, na mitaa michache ya miji ambako amri ilikuwa kali. Na anayezalia nyumbani bila kufika kabisa haonekani katika rejista ya siku hiyo. Ataonekana, pengine, mtoto atakapopelekwa kuchanjwa.

Kwa hiyo historia ya kipindi hiki inahitaji kusoma rejista kwa namna nyingine. Rejista ya wadi ya uzazi huandika saa ya kujifungua, na baadhi ya vituo huweka alama kwa watoto waliozaliwa kabla ya mama kufika. Alama hiyo, ambayo kwa mhudumu ni maelezo madogo ya pembeni, kwa mwanahistoria ni nyayo za safari iliyoshindikana. Kuihesabu usiku kwa usiku, kisha kuilinganisha na mabadiliko ya saa za kafyu, kungeonyesha kile ambacho jumla ya mwezi inakificha. Mabadiliko hayo yalikuwa mengi: saa tatu usiku kuanzia Juni 2020, saa tano mwishoni mwa Septemba, saa nne mwezi Novemba, na saa mbili katika kaunti tano, Nairobi ikiwemo, kuanzia Machi 2021. Kumbukumbu za simu za nambari 1195 na vitabu vya matukio vya vituo vya polisi vingekamilisha picha. Rejista za karatasi huchakaa na hutupwa, na muda wa kuziokoa si mrefu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba janga la Korona liliikuta Kenya ikiwa na sera ya uzazi iliyowaita wanawake hospitalini, na sheria ya utulivu wa umma iliyomwona kila anayetembea usiku kama mshukiwa. Mambo hayo mawili yalipokutana, aliyebeba gharama ya mgongano huo ni mwanamke mwenye uchungu. Misemo ya haki katika katiba na mwongozo wa wizara ilibaki na nguvu ndani ya uzio wa hospitali, lakini ilidhoofika barabarani.

Waswahili husema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hiyo husemwa kwa kawaida kuhusu mapenzi ya mama kwa mtoto. Katika muktadha wa 2020 ilipata maana ya kisheria: mwenye kuujua uchungu ndiye aliyenyimwa mamlaka ya kuuthibitisha. Amri yoyote ya baadaye ya kuzuia mwendo wa watu, iwe kwa ugonjwa, mafuriko au machafuko, itahitaji kumtaja mjamzito na anayemsafirisha kwa jina ndani ya maandishi ya amri yenyewe, wala si kuwaachia huruma ya kizuizini. Hilo lingegharimu mstari mmoja wa maandishi. Katika usiku wa kwanza wa kafyu, mstari huo haukuwepo.